Kuvu wa Mizizini: Atunzwe Kabla ya Kununuliwa



Mwaka 1885 Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alichapisha matokeo ya kazi aliyopewa na serikali ya Prussia. Alitakiwa kutafuta namna ya kulima trufeli, uyoga wa chini ya ardhi unaouzwa ghali mno Ulaya. Ukulima wenyewe hakuupata. Alichokuta ni ncha za mizizi ya miti zimevikwa kuvu pande zote, na miti yenyewe ina afya tele. Muungano huo akauita maikoriza, akadai kwamba kuvu huyo anaulisha mti. Wengi walimpinga, kwa kuwa kuvu alijulikana kama ugonjwa.

Wakulima wa Ufaransa walikwisha kulitumia jambo hilo bila kulieleza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Joseph Talon, wa Provence, aliotesha mbegu za mialoni iliyokuwa na trufeli chini yake, na baada ya miaka kadhaa akavuna trufeli kwenye miti hiyo mipya. Alipanda mti, uyoga ukafuata.

Sasa tuje kwetu. Chukua mche wa msindano wenye afya, uchane kiriba, ukung'ute udongo taratibu. Utaona vimizizi vifupi, vinene kidogo, vimegawanyika mfano wa herufi Y na kufunikwa ala ya kuvu, nyeupe au ya manjano. Kwenye ala hiyo hutoka nyuzi nyembamba zinazopenya mahali ambapo mzizi haufiki, zikileta fosforasi na nitrojeni. Mti nao hulipa kwa sukari. Akikosekana kuvu huyo, msindano hausitawi: huko Puerto Rico misindano iliyoletwa kutoka nje ilidumaa na kufa kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1950 udongo wenye kuvu wake ulipoletwa kutoka Marekani bara. Mtunza kitalu anayechanganya udongo wa chini ya misindano mikubwa kwenye viriba vyake anafanya sayansi kamili, na anastahili heshima hiyo.

Miombo yetu haikuhitaji kuletewa kitu. Miti yake mikuu ina kuvu wake wa asili, na uyoga mwingi unaookotwa masika na kuuzwa kando ya barabara za Iringa na Songea ni tunda la kuvu hao. Ukikata miti yote kwa ajili ya mkaa, uyoga huo nao umeukata. Hauoteshwi bandani kwenye pumba na mabua, kwa sababu chakula chake hutoka kwenye mzizi ulio hai.

Shambani kuna kundi jingine la kuvu, linaloishi ndani ya mzizi na halionekani kwa macho. Mizizi ikichemshwa katika dawa ya kuondoa rangi, kisha ikatiwa wino na siki, darubini huonyesha ndani ya seli vitawi vidogo sana; hapo ndipo mabadilishano yanapofanyika. Muhogo humtegemea mno kuvu huyu. Mizizi yake ni minene, ina vinyweleo vichache, na pingili yake hupandwa ikiwa haina mzizi hata mmoja, hivyo lazima imkute kuvu udongoni. Kabichi na sukuma wiki hazimhitaji kabisa. Wakulima, atakayewauzia dawa ya maikoriza kwa bustani ya kabichi, mwacheni aende zake.

Hata kwa mazao yanayomhitaji, bidhaa nyingi zilizopimwa Ulaya na Australia zilikutwa hazina kuvu hai wa kutosha. Wakati huohuo sisi wenyewe tunamuua aliyepo: tunalima na kulima tena tukikata nyuzi zake, tunaacha ardhi tupu kiangazi kizima, tunamwaga mbolea ya fosfati kupita kiasi hadi mmea unaacha kumlisha.

Kwa hiyo nawaomba maafisa ugani: mkulima akiuliza kuhusu pakiti ya kuvu, mwulizeni kwanza shamba lake limelimwa mara ngapi, lina nini kiangazi, na ametia mbolea kiasi gani. Nanyi wanafunzi, pimeni bidhaa hizo kwenye mashamba yetu, kando ya vipande visivyotiwa kitu, kabla hatujamwambia mkulima atoe hata shilingi moja.