Matairi ya Gari la Mradi: Tusinunue kwa Macho



Gari letu dogo tulilichagua kwa sababu halili mafuta mengi. Matairi yalipoisha, tulikosea. Tulinunua ya mtumba, mapana kuliko ya awali, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu na yalipendeza. Mafuta yakaongezeka, kisha tairi moja likapasuka barabara ya Morogoro tukiwa tumembeba mama mjamzito. Alifika salama, lakini kosa lilikuwa letu.

Tumejifunza mambo matatu. Kwanza, saizi ifuate kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva, mfano 185/65 R15. Pili, tusome tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tatu, upepo upimwe kila mwezi kabla ya safari, tairi likiwa limepoa. Lenye upepo mdogo huviringika kwa uzito, hula mafuta, hupata joto na huweza kupasuka.

Kwa hiyo tunaomba bajeti ijayo iwe na fungu la matairi 4 mapya. Ya rahisi yalituwia ghali.