Dalali Ameitangulia Halmashauri

Mtu anayetafuta kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Chanika, Msongola au Goba, kwa kawaida haanzii ofisi ya ardhi ya halmashauri. Anaanzia kwa dalali. Dalali humpeleka kwenye shamba la mikorosho, akavuta kamba ishirini kwa ishirini, akachomeka vijiti kwenye pembe nne, na jioni ileile hati ya mauziano ikasainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kugongwa muhuri. Barabara je? Mnunuzi huambiwa itapita pale, jirani na ule mwembe.

Sheria inasema vingine. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 imeipa halmashauri mamlaka ya upangaji. Mwenye shamba anayetaka kuligawa anapaswa kupeleka maombi, uchorwe mchoro wenye viwanja, barabara na maeneo ya huduma, uidhinishwe. Kisha mpima aweke mawe ya mipaka, ramani ya upimaji nayo ipate kibali, ndipo hati zitolewe. Kila hatua ina sababu yake. Tatizo ni kwamba kila hatua pia ina ada, faili na meza ya kusubiria, na mwenye shamba ana ada ya shule ya kulipa mwezi ujao. Faili likilala mezani, shamba halilali. Linakatwa vilevile, ila linakatwa bila barabara.

Na watu wanazidi kuongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya milioni moja, na wote hao wanalala mahali fulani.

Kwamba kupanga mapema kunalipa, ushahidi uko Sinza. Miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja pale kabla watu hawajajenga, ikaacha nafasi za barabara. Jirani yake, Manzese, watu walikuwa wameshajenga, kwa hiyo mradi uleule ukaja kuboresha kilichokuwepo. Watafiti waliochunguza maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021, walikuta kwamba kule kulikopimwa kwanza nyumba ni bora na ardhi ina thamani kubwa kuliko maeneo ya jirani yasiyokuwa kwenye mradi. Na Sinza haikuanza kama mtaa wa matajiri. Viwanja vyake vilikuwa vya kawaida kabisa.

Somo hilo lilirudiwa mwaka 2002 kwa Mradi wa Viwanja 20,000. Hazina ilitoa mkopo, wakulima wakalipwa fidia, na Mbweni, Bunju, Kibada na Buyuni zikapimwa. Fedha za mauzo zikarejesha mkopo. Lakini viwanja vingi vilikuwa vikubwa na bei yake haikumfikia mama lishe wala dereva wa daladala. Vingine vilikaa miaka na miaka vikiwa vichaka, huku waliokosa wakirudi kwa dalali.

Miaka ya karibuni nguvu nyingi zimekwenda kwenye urasimishaji, yaani kupima baada ya watu kujenga. Ni kazi ya lazima, ila ni ghali na ina ugomvi: jirani gani abomoe ukuta ili gari la zimamoto lipite? Nao mpango wa serikali wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, maarufu kama KKK, ulizipa halmashauri mikopo ili zipime viwanja, ziviuze na kurejesha. Baadhi zilichelewa kurejesha, na fedha isiyorudi haiwezi kupima kata inayofuata.

Halmashauri haziwezi kushindana na dalali kwa kumtungia katazo. Zitamshinda kwa viwanja vidogo vyenye bei ya kueleweka, na kwa kumjibu mwenye shamba ndani ya muda uliotangazwa ukutani. Madiwani waulize kila robo mwaka: michoro mingapi iliombwa, mingapi imeidhinishwa, na iliyobaki imekwama kwa nani? Na wewe unayetaka kununua, kabla hujatoa hata shilingi, chukua namba ya mchoro na ya ramani ya upimaji, uende nazo ofisi ya ardhi zikahakikiwe.