Kupiga Picha Isimila na Kalenga



Wapiga picha wetu hupenda kuwapandisha maharusi jiwe la Gangilonga, kwa kuwa hapo mji wa Iringa huonekana wote chini. Sina ubishi nao. Lakini Isimila, kiasi cha kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, kuna nguzo ndefu za mchanga zilizochongwa na mmomonyoko, na zana za mawe za watu wa kale zingali ardhini. Nendeni asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama, vivuli vidhihirishe kila mkunjo. Saa sita mchana nguzo huonekana bapa. Msichonge majina, maana alama hiyo haifutiki. Wala msihamishe jiwe ili picha ipendeze: likishaondoka mahali pake, watafiti wamepoteza ushahidi.

Kalenga ni habari nyingine. Katika makumbusho yale limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898; lilirejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hayo ni mabaki ya mzee wa watu, na wajukuu zake wangali hai. Kabla ya kuinua simu, mwombeni mhifadhi ruhusa. Akikataa, tokeni nje mpige picha bonde la Ruaha Mdogo.