Kilio cha Mtoto si Laana
Mazungumzo kwa wazazi, walezi na wahudumu wa afya ya jamii



Kuna watoto ambao kilio chao cha kwanza huwashtua waliomo katika chumba cha kujifungulia. Sauti ni nyembamba na ya juu, kama ya paka mchanga. Nyumbani minong'ono huanza: mama alimdhuru paka akiwa mjamzito, ni jini, ni laana ya ukoo. Arubaini haijaisha, mama amekwisha kulaumiwa na mtoto amekwisha kufichwa.

Ukweli ni mwingine, na unajulikana tangu 1963, daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walipoieleza hali hii. Waliiita Cri du chat, maana yake kilio cha paka. Ni hali adimu: hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya kila 15,000 hadi 50,000 wanaozaliwa.

Seli za mwili huwa na kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Humo ndimo yalimo maagizo ya kuujenga mwili. Kwa mtoto huyu, kipande cha kromosomu namba 5 kimekatika na kupotea. Kwa kuwa maagizo hayo hayapo, kiungo cha sauti kilichomo kooni hakikui kama kawaida, ndiyo sababu ya kilio kile. Ubongo na misuli pia huathirika.

Nani alaumiwe? Hakuna. Karibu visa tisa kati ya kumi hutokea vyenyewe, bila kurithiwa, na katika vingi vya hivyo kipande kilichopotea ni cha kromosomu iliyotoka kwa baba. Wala baba hakukosea: hakuna chakula, kazi wala tendo la mzazi linalojulikana kukikata. Katika familia chache, mzazi mwenye afya njema hubeba kromosomu zilizobadilishana vipande. Kwa hiyo ni vyema wazazi wapimwe damu kabla ya mimba nyingine.

Kilio peke yake hakitoshi kuthibitisha hali hii. Ishara nyingine ni uzito mdogo, kichwa kidogo, macho yaliyoachana, mwili uliolegea na shida ya kunyonya. Baadhi huwa na kasoro ya moyo. Jibu la hakika hutokana na kipimo cha kromosomu, ambacho daktari huomba kwa barua ya rufaa.

Lakini kilio hicho hakidumu. Karibu theluthi moja ya watoto hukipoteza wafikapo miaka miwili, na ishara iliyo wazi kuliko zote hupotea nacho. Kwa hivyo mama amweleze muuguzi mapema, na jambo hilo liandikwe katika Kijitabu cha Mama na Mtoto.

Hakuna dawa ya kurudisha kipande kilichopotea. Hata hivyo, mtoto anayeanzishiwa mazoezi ya viungo, msaada wa kulishwa na mafunzo ya mawasiliano akiwa mchanga hufika mbali kuliko aliyefungiwa ndani. Wengi hutembea, ingawa kwa kuchelewa. Wengi huelewa mengi kuliko wanayoweza kutamka, hivyo ishara za mikono na picha huwafungulia mlango wa kuzungumza na jamaa zao.

Hatua ni hizi: kliniki kwanza, kisha uchunguzi wa moyo na mazoezi, usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na umri wa shule ukikaribia, tathmini katika kituo cha EARC. Mhudumu wa afya ya jamii anayezuru nyumba kwa nyumba akimkuta mtoto aliyefichwa, aanze na mama: amwambie kwamba hana kosa. Mama akilijua hilo, atamtoa mtoto nje.