Hakusubiri Kutundika Daluga



Wahitimu wa ualimu wa michezo, nanyi wazazi wao, nimekuja na habari za Peter Westbrook, mcheza vitara wa Marekani. Alilelewa Newark na mama Mjapani aliyebaki peke yake na watoto. Mama alipoona mtaa unamvuta mwanawe, alimwahidi dola 5 akihudhuria somo la vitara. Wazazi mnacheka, lakini nani hapa hajawahi kumhonga mtoto?

Kijana akanogewa. Silaha yake ilikuwa seba, ambayo kwayo pointi hupatikana kwa kukata au kuchoma juu ya kiuno, hata kichwani. Ukipepesa macho, pointi imekupita. Akawa bingwa wa taifa mara 13, na kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984 akatwaa shaba, medali ya kwanza ya Marekani katika vitara tangu 1960.

Magazeti hupenda kuishia hapo. Mimi naomba mtazame mwaka 1991. Mwaka huo alianzisha taasisi jijini New York, watoto wa familia za kawaida wakawa wanajifunza vitara Jumamosi asubuhi na kusaidiwa masomo ya shule. Wakati huo yeye mwenyewe bado anashindana! Alicheza Olimpiki ya Barcelona 1992, tena Atlanta 1996 akiwa na miaka 44. Hakusubiri kutundika daluga, kama wasemavyo watu wa soka, ndipo awe mwalimu.

Kwenye Jumamosi zile walipita Keeth Smart na dada yake Erinn, waliopata medali za fedha Beijing 2008, kila mmoja na timu yake. Alipita Ibtihaj Muhammad, aliyetwaa shaba ya timu Rio 2016 akiwa na hijabu yake. Lauren Scruggs alirudi na dhahabu ya timu kutoka Paris 2024. Westbrook alifariki Novemba mwaka huohuo. Wengi zaidi hawakupata medali yoyote, na kwangu hao ndio kipimo cha mwalimu, maana hata kwa ajili yao aliamka Jumamosi asubuhi vilevile.

Najua baadhi yenu mnajisemea: ngoja kwanza nipate ajira, nisome shahada ya pili, nijipange. Sawa, someni. Ila shule ya msingi iliyo jirani na kwenu ina uwanja, watoto wapo, na Jumamosi ni kesho kutwa.