Kabla ya Pati Yako ya Kwanza ya Sufuria

*Mazungumzo ya Jumamosi na familia zilizofika karibuni*

 

Mwezi huu watu watatu wamenipigia simu kwa swali lilelile. "Mwanangu, kuna mama anataka kuja kupika nyumbani kwangu aonyeshe sufuria. Anasema nialike watu kumi, yeye ataleta vyombo vyote, na mimi nitapata zawadi. Nikubali?"

Sikuja leo kukwambia ukatae. Nimekuja kukwambia ujue unawaita watu kwenye nini. Na nitaanza na habari yangu mwenyewe.

Tulikuwa na miezi saba tu hapa Marekani. Nilikuwa na miaka 19, nafanya kazi ya usiku ya kufunga mizigo. Mama mmoja tuliyekaa naye jirani kule Nyarugusu alitualika kwake. Tulidhani ni chakula cha kukumbukana. Kumbe kulikuwa na muuzaji amekuja na sufuria zinazong'aa. Alipika kuku na karoti bila tone la mafuta, mama yule akawa anatutafsiria kila neno. Mwisho muuzaji akapita na karatasi, mtu mmoja mmoja. Mama yangu alinitazama, mimi nikamtazama mwenyeji wetu. Huyu ndiye aliyetugawia unga siku posho ilipochelewa kambini. Ningemwambiaje hapana mbele ya watu?

Nikatia sahihi. Dola 58 kila mwezi, kwa miezi 24. Karatasi yote ilikuwa Kiingereza. Jumla yake, dola 1,392, niliipiga hesabu usiku ule kitandani, na sikulala.

Nililipa yote. Lakini sufuria hazikuwa hasara kubwa. Hasara ilikuwa kwamba tuliacha kwenda kwa yule mama, naye akaacha kuja kwetu.

Ndiyo maana nasema: ukifanya pati hii, mali ya kwanza inayowekwa mezani ni imani ya watu kwako. Sufuria zinakuja baada yake.

Jua nani ni nani

Kuna watu wawili katika pati. Mwenyeji anatoa nyumba, jiko na marafiki. Muuzaji anapika, anaonyesha, anachukua oda na kupata kamisheni. Zawadi ya mwenyeji kwa kawaida hupimwa kwa mauzo ya siku ile. Wageni wakinunua kidogo, huenda ukapata kikaango kimoja, au usipate kitu.

Biashara hii ni ya zamani hapa. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Tupperware iliondoa vyombo vyake vya plastiki madukani ikavipeleka kwenye pati za nyumbani, chini ya uongozi wa mwanamke aliyeitwa Brownie Wise. Siri yake si ngumu. Dukani unamkatalia mtu usiyemjua, unaondoka. Kwenye sebule ya rafiki, umeshakula chakula chake, kukataa kunakuwa kazi nzito. Na kwetu sisi, tuliolelewa kumheshimu mwenye nyumba, ni nzito mara mbili.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, muulize muuzaji maswali haya, naye akujibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu:

- Bei ya kila kitu ni kiasi gani, pamoja na kodi na usafirishaji?
- Zawadi yangu ni nini, na wageni wakinunua kiasi gani?
- Nani analipia chakula cha kupika?
- Wageni wasiponunua kitu, nitadaiwa chochote?
- Anayelipa kidogokidogo atalipa riba kiasi gani, na mkopo ni wa nani?

Akikwepa swali hata moja, mshukuru, ufunge mlango kwa upole.

Mwaliko uwe wa wazi

Usiseme "njoo tule" wakati kuna biashara. Sema hivi: "Jumamosi kwangu kutakuwa na mtu anayeonyesha na kuuza sufuria. Njoo uone na uonje. Si lazima kununua." Atakayekuja baada ya kusikia hivyo amekuja kwa hiari yake.

Alika watu sita mpaka wanane. Nyumba nyingi tunazopanga ni ndogo, na watu wakijaa jikoni hakuna anayeona. Usimwalike mtu aliyefika mwezi uliopita na bado anahangaika na kodi ya nyumba. Mwalike siku nyingine, mle ugali tu.

Na saa! Hili limetuaibisha wengi. Saa tisa mchana kwetu ni 3:00 PM kwao. Mwandikie muuzaji "3:00 PM", waandikie wageni wetu "saa tisa mchana". Ukimwambia muuzaji "saa tisa", atakuja usiku wakati watoto wamelala.

Jikoni

Mwombe muuzaji apike kitu tunachokula. Kuku wa karoti atapendeza, lakini swali la mama zetu ni jingine: sufuria hii inaweza kusonga ugali wa watu wanane? Mwachie mama mmoja mwiko, asonge kweli, pale pale. Sufuria nyingi za maonyesho ni ndogo, na zile zenye rangi nyeusi ndani huharibika ukizisugua kwa chuma. Kama unataka sombe, nunua majani yaliyokwisha kutwangwa na kugandishwa, uyachemshe mapema, kwa sababu yanataka muda mrefu na muuzaji ana saa moja au mbili tu.

Waulize wageni kabla: nani hali nyama isiyo halali, nani anadhurika na karanga. Mtu asikae na sahani tupu nyumbani kwako.

Kuhusu umeme: kikaango cha umeme na maikrowevu vikiwashwa pamoja kwenye laini moja ya ukutani, mara nyingi umeme wa jikoni hukatika. Jua kisanduku cha swichi za umeme kiko wapi. Washa feni ya juu ya jiko na fungua dirisha, ili king'ora cha moshi kisilie. Usikifunike kwa mfuko wala kutoa betri zake. Kile ndicho kinachowaamsha watoto moto ukitokea.

Na elewa tofauti hii: kuwaonjesha wageni bure ni jambo moja, kuwauzia chakula ulichopika nyumbani ni jingine. Kuuza kuna sheria zake, na kila jimbo lina zake. Njoo utuulize kwanza.

Siku tatu za kughairi

Hapa nawaomba tusikilizane vizuri. Ningelijua hili nikiwa na miaka 19, nisingelipa zile dola 1,392.

Kuna kanuni ya serikali ya Marekani, ya tume inayoitwa FTC. Mgeni akinunua kitu cha dola 130 au zaidi kwenye pati ya nyumbani kama hii, au mwenyeji akinunua cha dola 25 au zaidi nyumbani kwake mwenyewe, ana haki ya kughairi mpaka saa sita usiku ya siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Jumamosi inahesabiwa. Jumapili na sikukuu za serikali kuu hazihesabiwi. Ukinunua Jumamosi, hesabu Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mwisho wako ni saa sita usiku Jumatano.

Huhitaji kutoa sababu. Muuzaji anapaswa kukuambia haki hiyo kwa mdomo, na kukupa nakala mbili za fomu ya kughairi pamoja na risiti au mkataba wenye tarehe, jina na anwani ya muuzaji.

Na sikilizeni hili: mkataba huo unatakiwa uwe katika lugha iliyotumika zaidi kuuzia. Wakiuza kwa Kiswahili, karatasi iwe ya Kiswahili. Yule mama alitafsiri pati nzima, nami nikapewa Kiingereza kitupu. Kwa hiyo muulize muuzaji mapema: karatasi za wageni wangu ziko wapi katika lugha yao? Kama hana, wageni waone na waonje, lakini siku hiyo asichukue oda.

Anayetaka kughairi atie sahihi na tarehe kwenye fomu moja, aitume kwa posta kabla ya muda kuisha, na abaki na nakala. Posta atume kwa njia inayompa risiti. Kama hakupewa fomu, aandike barua yake mwenyewe. Asitumie chombo alichonunua, kwa sababu anapaswa kukirudisha kikiwa katika hali nzuri. Muuzaji ana siku 10 za kazi kurudisha pesa. Lakini tahadhari: mauzo yaliyofanyika yote kwa simu au kwa intaneti hayamo katika kanuni hii. Muuzaji akisema "ukifika nyumbani utaagiza kwenye simu yako", ujue kinga hii huenda umeiacha mlangoni.

Wewe mwenyeji ndiye uyaseme haya, kwa Kiswahili, mbele ya wote, kabla karatasi hazijatolewa. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Atakayechukia amekuonyesha yeye ni nani.

Wakikwambia uwe muuzaji

Mara nyingi mwisho wa pati utaambiwa: "Wewe una watu wengi, jiunge nasi." Usijibu siku hiyo. Uliza pesa inatoka wapi. Kama inatoka zaidi kwa kuingiza watu wapya kuliko kwa kuuza sufuria, kimbia. Usichukue mkopo kununua mzigo wa kuweka chumbani, na usiguse pesa ya likelemba.

Ukiamua kuuza, hiyo ni kazi yako binafsi. Faida ikifika dola 400 kwa mwaka baada ya kutoa gharama, lazima uijaze kwenye kodi yako. Weka risiti zote kwenye bahasha moja. Kama familia yako inapata msaada wa chakula wa SNAP, zungumza nasi kabla hujaanza, kwa sababu mapato mapya yanaweza kutakiwa kuripotiwa. Na kama kesi yako ya hifadhi bado inasubiri na huna kibali cha kazi, usianze.

Neno la mwisho

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na yule mama kwenye msiba. Tulikaa jikoni tukiosha vyombo. Nikamwambia ukweli wote, na pesa nilizolipa. Akaacha kuosha. Akasema, "Mimi nilipata kikaango kimoja. Nilipoona hamji tena, nikadhani mmenidharau kwa umaskini wangu." Hakujua bei tuliyotia sahihi. Hakujua habari ya siku tatu. Alikuwa mgeni katika nchi hii kama sisi.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pati ikiisha, hesabu wageni kabla ya zawadi. Kama kila mmoja anaweza kurudi kwako wiki ijayo bila kuinamisha kichwa, aliyenunua na asiyenunua, basi umefanya vizuri.

Ukipewa karatasi usiyoielewa, usitie sahihi. Ilete ofisini, tuisome pamoja. Na kama umeshatia sahihi, ilete leo, usingoje kesho, kwa sababu siku zinahesabiwa.