Akaunti Imebadilika: Hatari za Mtandao kwa Parokia Zetu

Mada iliyotolewa kwenye semina ya watunza hazina na makatibu wa parokia



Nimeombwa kuzungumzia hatari za mtandao wa kompyuta. Wakati wa chai nimesikia wengine wakisema kwamba haya ni mambo ya benki. Basi nianze na parokia.

Mwaka 2019, Parokia ya Mtakatifu Ambrose huko Brunswick, Ohio, nchini Marekani, ilikuwa inakarabati kanisa lake. Mwezi Aprili mkandarasi akauliza mbona hajalipwa kwa miezi miwili. Parokia ilishangaa, kwani malipo yalikuwa yametoka. Uchunguzi ulionyesha kwamba wezi waliingia katika barua pepe za parokia, wakawaaminisha wahusika kuwa mkandarasi amebadilisha akaunti ya benki. Zilipotea dola za Marekani zipatazo 1,750,000. Hakuna kufuli lililovunjwa. Aliyelipa alikuwa mtu mwaminifu aliyetimiza kazi yake.

Njia iliyozoeleka ya kuingia katika barua pepe ya mtu ni hii. Unapokea ujumbe unaofanana kabisa na wa benki au wa kampuni ya barua pepe: "Akaunti yako itafungwa leo, bonyeza hapa." Unabonyeza, ukurasa wa bandia unafunguka, nawe unaandika neno lako la siri kwa mkono wako mwenyewe. Tangu hapo mwizi anasoma barua zako kimya kimya. Anajua ujenzi umefikia wapi, ankara italetwa lini, hata namna katibu anavyomsalimu mkandarasi. Siku ya malipo ikikaribia, ndipo anapoandika.

Wako pia wanaofunga mafaili yako na kudai fidia. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilianza kuenea, ikafika nchi zaidi ya 150, na nchini Uingereza hospitali zikalazimika kuahirisha matibabu. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu mwezi Machi. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimewekewa. Kwa hiyo kompyuta ikikuomba isasishwe, usiiambie "kesho" kila siku. Nakala ya vitabu vya hesabu itunzwe nje ya kompyuta hiyo, kabatini.

Virusi vya kwenye flashi mnavifahamu, sitavirudia.

Linalonisumbua zaidi ni majina ya watu. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wamefikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa vita na wafungwa. Nasi tunayo madaftari ya yatima, ya wagonjwa, ya akina mama waliokimbia vipigo. Siku hizi yako kwenye kompyuta ya ofisi, na nimekuta ofisi moja neno la siri limebandikwa kwenye skrini. Fedha huweza kuchangwa tena. Jina la mgonjwa likishatoka halirudi.

Ninaomba parokia zianze na mambo matatu wiki hii. Barua pepe ya ofisi iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na namba inayokuja kwenye simu. Malipo yaidhinishwe na watu wawili. Na akaunti ya mtu yeyote ikibadilika, mpigieni kwa namba iliyo katika mkataba, si ile iliyoandikwa kwenye barua iliyoleta habari hiyo.

Wafadhili wetu, nanyi mmo. Mkipata barua yenye jina letu ikisema tumehamia benki nyingine, msitume kitu. Pigeni simu kwanza. Namba zetu mnazo tangu tuliposaini mkataba, na hakuna atakayechukia kuulizwa.